Monasteri ya Maulbronn: maji, mabwawa na mabruda waliofanya kazi. Naomba maelezo ya kina

Mwalimu_Kondele (Kisumu)

Hamjambo wadau. Wanafunzi wa chama cha historia wanaandaa maonyesho ya muhula ujao kuhusu monasteri ya Maulbronn, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Wameichagua kwa sababu Johannes Kepler, yule aliyeonyesha kwamba sayari hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu, alisoma humo kuanzia 1586 hadi 1589. Tarehe kubwa tunazo: 1147 watawa kuhamia pale, 1178 kanisa kutabarukiwa, 1993 kuingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Tunachokosa ni namna mahali penyewe palivyoendeshwa. Karibu kila maelezo yanaishia kwenye nguzo na matao. Wanafunzi wanauliza mambo ya maisha: walikula nini, maji yalitoka wapi, nani alilima, na kwa nini watu waliokwenda kusali walihangaika kujenga mabwawa. Mmoja ameuliza kama hawa ni sawa na mapadre wa misheni waliojenga shule na hospitali huku Nyanza. Mwingine anataka kujua kama ni kweli Martin Luther, aliyeanzisha Uprotestanti, ndiye aliyeifunga.

Tungependa pia modeli ambayo maji yanapita kweli, si ya karatasi. Meza tuliyo nayo ni mita 2 kwa sentimita 60. Anayejua mambo ya monasteri za zamani, au ya mabwawa, naomba msaada.

Historia_Nakuru

Mwalimu, nianze na swali la mapadre, maana hilo likieleweka mengine yanafunguka. Mapadre wa Mill Hill waliofanya kazi Kisumu na Mumias walikuwa wamisionari: walitumwa waende kwa watu. Wamonaki wa Maulbronn waliweka nadhiri ya kubaki mahali pamoja hadi kufa, ndani ya ukuta, wakiishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto iliyoandikwa karne ya 6. Walikuwa Wasistersiani, shirika lililoanzia Cîteaux, Ufaransa, mwaka 1098. Kama wanafunzi wanataka mfano wa karibu, waende Kipkelion, kwenye ile reli ya kutoka Nakuru kuja kwenu. Watrapisti, ambao ni tawi la Wasistersiani hao hao, walifungua monasteri huko mwaka 1956 wakitokea Koningshoeven karibu na Tilburg, Uholanzi. Baada ya ghasia za 2008 walihamia Uganda.

Sasa Maulbronn. Mwaka 1138 mkabaila mmoja, Walter wa Lomersheim, aliwapa Wasistersiani ardhi yake ya Eckenweiher, karibu na mji wa leo wa Mühlacker. Watawa wakaja kutoka Neubourg, Alsace. Mahali pakawashinda, na maji yalikuwa sehemu kubwa ya tatizo. Mwaka 1147 Askofu Günther wa Speyer akawapa bonde la Maulbronn, penye chemchemi na kijito cha Salzach. (Huu si ule mto Salzach wa Austria, wanafunzi wakitafuta kwenye ramani watapotea.) Waongoza watalii husimulia kwamba nyumbu ndiye aliyechagua mahali, aliposimama kunywa maji. Mkiiweka kwenye maonyesho, iandikeni wazi kuwa ni hadithi, kwa sababu sababu halisi ina uzito zaidi: Kanuni ya Benedikto, ibara ya 66, inataka maji, kinu, bustani na karakana viwe ndani ya ukuta, ili mtawa asipate kisingizio cha kuzurura nje. Monasteri isiyo na maji haikuweza kuitimiza Kanuni yake. Kuhama lilikuwa jambo la utii kama lilivyokuwa jambo la kiu.

Nani alilima? Hapa ndipo maelezo mengi hukosea kwa kusema "watawa walifanya kazi zote kwa mikono yao". Hesabuni saa. Mmonaki wa kwaya alisali mara saba mchana na mara moja usiku, pamoja na wenzake, kanisani. Katikati alisoma, alinakili vitabu, na ndiyo, alishika jembe kwa saa chache, maana ibara ya 48 inasifu kuishi kwa kazi ya mikono. Lakini mtu anayetakiwa kanisani kila baada ya saa mbili au tatu hawezi kukaa na ng'ombe mwendo wa nusu siku kutoka hapo. Kwa hiyo Wasistersiani walikuwa na kundi la pili, mabruda wa kazi. Hawa nao waliweka nadhiri, ila walifuga ndevu, hawakufundishwa kusoma, walisali sala fupi walizozishika kwa kichwa, na hawakuruhusiwa kupanda kuwa wamonaki wa kwaya. Seremala, mhunzi, mwokaji, mchungaji na mtunza mabwawa kwa kawaida alikuwa bruda. Wengine waliishi kwenye mashamba ya mbali yaitwayo granji, ambayo kwa kanuni za mwanzo hayakupaswa kuwa mbali zaidi ya mwendo wa siku moja, ili Jumapili na sikukuu warudi nyumbani kusali.

Utengano huo umejengwa kwa mawe, na Maulbronn ni mahali pazuri sana pa kuuona kwa sababu majengo yamebaki karibu yote. Ingieni kanisani kwa mawazo. Katikati yake unasimama ukuta wa mawe wa karne ya 12 unaolikata kanisa vipande viwili. Upande wa mashariki, penye altare kuu, ni wa wamonaki. Upande wa magharibi ni wa mabruda. Bruda aliisikia sala ya kwaya juu ya ukuta ule bila kuwaona waimbaji. Bweni lao lilikuwa tofauti, na hata chumba cha kulia: cha mabruda kiko upande wa magharibi, ni cha chini na kizito, cha wamonaki, cha miaka ya 1220 hivi, kina dari ya juu na mimbari ya mawe ukutani ambako mmoja alisoma kwa sauti wengine wakila kimya. Mkiwa na nafasi ya kuchora kitu kimoja tu kwa ukubwa, choreni ukuta huo wa kanisa. Unaeleza zaidi ya nguzo zote.

Mambo mawili ya kuangalia mnapochora ramani. Uwanja wa ndani wenye veranda kuuzunguka, ambao kwa desturi hukaa kusini mwa kanisa, Maulbronn uko kaskazini. Na kanisa halina mnara mkubwa wa kengele, lina kijinara tu juu ya paa, kwa sababu Wasistersiani walikataza minara ya mawe. Picha nyingi za kuchora za "monasteri ya Ulaya" huweka minara miwili, msinakili hizo. Dari ya mawe mnayoiona leo kanisani nayo ni ya 1424. Kanisa la 1178 lilikuwa na dari bapa ya mbao.

Joto: chumba kimoja cha wamonaki kilipashwa moto. Kuni ziliwaka kwenye chumba cha chini chenye dari ya mawe, na joto likapanda juu kupitia matundu ya sakafu. Kwenye mifumo ya aina hii matundu hufunikwa wakati moto unawaka, la sivyo chumba hujaa moshi. Hufunguliwa kuni zikishakuwa makaa na mawe yameshika joto.

Mabwawa_Busia

Nijibu la samaki. Ibara ya 39 ya Kanuni hiyo hiyo inawakataza wote nyama ya wanyama wa miguu minne, isipokuwa wagonjwa dhaifu kabisa. Chakula cha siku kilikuwa vyakula viwili vya kupikwa, matunda au mboga mbichi zikipatikana, na ratili moja ya mkate. Samaki hakukatazwa. Ongeza Kwaresima na siku nyingine za kufunga, na ujue kwamba Maulbronn iko mamia ya kilomita kutoka baharini. Samaki wa bahari alifika akiwa wa chumvi au mkavu. Aliyetaka samaki mbichi alihitaji bwawa.

Mabwawa yao hayakuwa vishimo vya kuchimba kama vya mita za mraba 300 tunavyovijua huku. Walijenga tuta kukata bonde dogo, maji yakajaa nyuma yake, kisha tuta jingine chini zaidi, na jingine. Bwawa la juu linalisha la chini. Baadhi yapo hadi leo: Tiefer See, pembeni mwa monasteri, ambako watu sasa huogelea, Roßweiher juu zaidi bondeni, na Aalkistensee upande wa Ölbronn, ambayo ni hifadhi ya asili. Hiyo ya mwisho ilipata jina kutokana na sanduku la kunasia mikunga, samaki wenye umbo la nyoka. Mkunga wa mito ya Ulaya hazaliani bwawani. Akikomaa hushuka kuelekea baharini, hasa usiku wa vuli maji yakiwa mengi. Ukiweka sanduku la mbao lenye upenyo mahali bwawa linapomwaga maji yake, anaingia mwenyewe.

Samaki mkuu wa mabwawa ya Ulaya ya kati aliishia kuwa karpi. Kwa wafugaji wa huku, tofauti ni kubwa. Ngege (tilapia) wetu, ukiweka vifaranga 900 hadi 1,000 kwenye bwawa la mita za mraba 300 na kuwalisha, unavuna baada ya miezi sita hadi minane. Karpi kwenye baridi ya Ujerumani alihitaji majira matatu ya joto, kwa sababu maji yakishuka chini ya nyuzi 8 au 10 karibu anaacha kula kabisa. Ndiyo maana bwawa moja halitoshi. Unahitaji dogo lenye maji ya kina kifupi, yanayopata joto upesi, la kutagia. Jingine la kulea wadogo. Kubwa la kukuzia. Na moja lenye kina cha mita moja na nusu au mbili, lenye maji yanayoingia daima, la kupitishia majira ya baridi. Ukiwaacha kwenye maji ya kina kifupi barafu ikafunika juu, hewa inaisha na wanakufa wote chini ya barafu. Wanafunzi wakiuliza kwa nini mabwawa ni mengi, hilo ndilo jibu.

Kuvuna: vuli, unalitoa bwawa maji lote. Mabwawa ya zama za kati yalikuwa na bomba la mbao, mara nyingi gogo la mwaloni lililochongwa ndani, limelazwa chini ya tuta, na kizibo upande wa ndani kinachovutwa kutoka juu. Maji yanatoka polepole, samaki wanakusanyika kwenye shimo karibu na bomba, mnawaokota kwa nyavu na vikapu. Ukiyafungua haraka mno, tope linawaziba matamvua na tuta lenyewe linaporomoka upande wa ndani kwa sababu udongo uliolowa umepoteza maji yaliyokuwa yakiuegemeza. Mkulima wa Teso anayemwaga bwawa lake kwa siku moja anapata matokeo hayo hayo.

Tuta ndilo kazi. Fyeka nyasi, toa mizizi na udongo wa juu wote, kwa sababu tuta likikaa juu ya majani, yakioza maji yanapata njia. Chimba mtaro katikati ya mstari wa tuta hadi ufikie udongo usiopitisha maji, kisha ujaze udongo wa mfinyanzi. Inua kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likishindiliwa. Mteremko wa upande wa maji uwe mita 2 hadi 3 za ulalo kwa kila mita 1 ya kimo. Juu ya usawa wa maji acha angalau sentimita 30 hadi 50, na pembeni tengeneza njia ya maji ya mvua kubwa, kwa sababu maji yakipita juu ya tuta la udongo huwezi kuliokoa.

Na mahali pa kwanza kuvuja ni pale bomba linapopita. Udongo haushikani vizuri na kitu laini kilicholala ndani yake. Maji huufuata ukuta wa bomba, yakibeba chembe moja moja, hadi siku tuta linatoboka. Ukiona maji ya upande wa chini yametoka safi, subiri. Yakitoka na rangi ya udongo, anza kumwaga bwawa siku hiyo. Miti nayo isipandwe juu ya tuta hata kama kivuli kinapendeza: mzizi ukifa unaacha bomba.

FundiMaji_Kakamega

Mabwawa_Busia amemaliza tuta. Naongeza kitu ambacho watu husahau: mabwawa hayakuwa ya samaki tu, yalikuwa pia akiba ya nguvu ya kinu.

Hesabu ni hii. Chukua kijito cha lita 100 kwa sekunde kinachoanguka mita 3 juu ya gurudumu. Zidisha 100 kwa 9.81 kwa 3: wati 2,943. Gurudumu la mbao likifanikiwa kuchukua asilimia 60, umebaki na wati 1,766 kwenye ekseli. Hiyo inatosha kuzungusha jiwe la kusaga. Sasa kiangazi kije, kijito kibaki na lita 20. Bila bwawa, jiwe linasimama. Ukiwa na bwawa la hekta 1 na ukaruhusu maji yake yashuke sentimita 50, una mita za ujazo 5,000, na kwa lita 100 kwa sekunde hizo zinazungusha gurudumu karibu saa 14 hata kama kijito hakileti kitu. Unasaga mchana, unaziba usiku bwawa lijae tena. Namba hizi ni mfano wangu wa hesabu. Vipimo vya kinu cha Maulbronn si hivi. Ila kanuni ni ileile popote, na ndiyo iliyotumika Kaimosi misheni ya Friends (Waquaker) ilipozungusha mashine kwa maji ya mto.

Lakini mtunza samaki na msagaji wanagombana. Msagaji anataka usawa wa maji upande na kushuka. Karpi wanaotaga kando, penye majani, hawataki kushuka hata sentimita 20 mayai yakiwa yameshikana na nyasi. Bwawa la kinu na bwawa la kutagia yasiwe moja.

Jambo la pili ni mpangilio wa maji ndani ya ukuta. Kwa Wasistersiani utaratibu wa kawaida ulikuwa huu: maji ya chemchemi, safi, yanaletwa kwa bomba la risasi, udongo wa kuchoma au mbao hadi kwenye chemchemi ya kunawia mbele ya chumba cha kulia, na jikoni. Maji ya kijito yanapita kwenye mfereji mwingine, yanazungusha kinu na kutumika kwenye karakana. Yanamalizia chini ya vyoo, yanasukuma uchafu nje ya ukuta hadi kwenye majani ya malisho. Mifereji miwili isikutane kabla ya choo. Maulbronn jengo la kunawia lipo bado, limechomoza kutoka kwenye veranda mbele ya chumba cha kulia cha wamonaki.

Yote hayo bila pampu. Linganisheni na Ahero, ambako maji ya mpunga yanapandishwa kwa pampu kutoka mto Nyando: umeme ukikatika mfereji unakauka. Maulbronn walichagua mahali ambapo mteremko ndio ulikuwa pampu.

Mdadisi_Eldama

Asanteni, nimejifunza. Kuhusu mwisho wake mimi naona ni rahisi: Luther alikuja, watawa wakafukuzwa, kwisha. Sivyo?

Historia_Nakuru

Ndugu, tarehe zinakuunga mkono nusu. Duke Ulrich wa Württemberg aliiteka Maulbronn kwa silaha mwaka 1504, katika vita vya urithi wa Bavaria. Wakati huo Luther alikuwa bado mwanafunzi. Mwaka 1525 wakulima walioasi waliingia. Mwaka 1534 Ulrich huyo huyo akaleta Matengenezo ya Kanisa. Mwaka 1556 mwanawe, Duke Christoph, akatoa amri ya kuzigeuza monasteri za nchi yake kuwa shule za kuandaa wachungaji wa Kiprotestanti. Katikati ya Vita vya Miaka Thelathini Wasistersiani walirudi kwa muda, hadi 1648. Shule ndiyo iliyoyaokoa majengo: paa lililo na wanafunzi chini yake hutengenezwa. Kepler alipita humo, mshairi Friedrich Hölderlin akapita 1786 hadi 1788, na mwandishi Hermann Hesse akaingia 1891 akatoroka mwaka uliofuata.

Lakini monasteri ya 1534 haikuwa tena ile ya 1178, na tofauti ni wale mabruda. Mfumo mzima ulisimama juu ya watu wazima wengi waliokubali kufanya kazi bila mshahara, bila familia na bila nafasi ya kupanda. Karne ya 12 walipatikana. Manung'uniko yalikuwepo mapema: Schönau, monasteri ya Wasistersiani karibu na Heidelberg, mabruda walipanga njama juu ya suala la viatu, kwa sababu waliona wamonaki wanapewa na wao wananyimwa. Karne ya 13 na ya 14 idadi yao ikapungua. Miji ilikuwa inakua na kumlipa fundi, mashirika mapya kama Wafransisko yaliwavuta waliotaka utawa, kisha tauni ya 1348 hadi 1350 ikaua watu wengi Ulaya hata bei ya kazi ikapanda.

Bila bruda, granji inaendeshwaje? Unaikodisha. Na Wasistersiani, waliokataa mwanzoni kuishi kwa kodi, zaka na jasho la watu wengine, wakawa wenye mashamba wanaopokea kodi kama mkabaila mwingine yeyote. Naliona hilo kuwa badiliko kubwa kuliko la 1534. Mwenye kupokea kodi ana vijiji vinavyomchukia na ana utajiri ambao duke jirani anautamani. Wakulima wa 1525 hawakuvamia monasteri kwa sababu ya theolojia peke yake. Walitaka pia kuondolewa mizigo ya kodi na utumwa wa ardhi, na walitaka haki ya kuvua samaki na kukata kuni. Ndiyo, samaki. Mabwawa na vijito vilivyofungwa vilikuwa moja ya madai yao yaliyoandikwa.

Linganisheni na Eberbach, monasteri ya Wasistersiani kando ya mto Rhine, iliyoanza 1136. Utajiri wake ulikuwa divai, iliyoshuka kwa mashua hadi Köln. Wakulima walipofika 1525 walikunywa sehemu kubwa ya pipa moja kubwa lililokuwa na ujazo wa lita zipatazo 71,000. Ila Eberbach ilikuwa chini ya Askofu Mkuu wa Mainz, Mkatoliki, kwa hiyo iliendelea hadi 1803. Mtawala wa eneo ndiye aliyeamua tarehe ya kufungwa. Kudhoofika kulikuwa kumeanza kote kote.

Mwalimu, kwenye maonyesho ningeweka michoro miwili ya shamba moja: mwaka 1200 bruda na ng'ombe wa monasteri, mwaka 1450 mpangaji na gunia la kodi.

Mwalimu_Kondele (Kisumu)

Nashukuru sana nyote. Swali la mwisho ni la modeli. Wanafunzi walipanga kuleta udongo mweusi kutoka uwanda wa Kano kwa sababu unashika maji, na kujaza meza yote kwa mteremko. Itafaa?

FundiMaji_Kakamega

Hapana kwa yote mawili, Mwalimu.

Udongo mweusi wa Kano unashika maji ukiwa umelowa. Ukikauka kati ya Ijumaa na Jumatatu unapasuka nyufa za kuingiza kidole, na mkirudisha maji yatapita kwenye nyufa kabla haujavimba tena. Tumieni udongo wa kichuguu, au mfinyanzi wa wale kina mama wanaofinyanga vyungu, mchanganye na mchanga kidogo, sehemu moja ya mchanga kwa nne za mfinyanzi. Ukandwe kwa maji hadi ushikane bila kunata mkononi. Kila mkiondoka, funikeni kwa gunia lililolowa.

Uzito: meza ya mita 2 kwa 0.6 ukiijaza udongo kwa wastani wa sentimita 15 ni karibu kilo 300. Miguu itakatika. Jengeni ngazi za mbao au kreti tupu chini, mtandike karatasi ya nailoni, kisha mfinyanzi wa sentimita 4 tu juu yake. Hapo mtakuwa na kama kilo 85, pamoja na maji.

Ngazi ya kwanza iwe sentimita 30 juu ya meza, hilo ni bwawa la juu. Ya pili sentimita 24, bwawa la kinu. Kisha mwanguko wa sentimita 14, na hapo ndipo gurudumu linakaa. Lisizidi kipenyo cha sentimita 10, ili maji yaingie kutoka juu na sehemu ya chini ibaki hewani. Gurudumu linalogusa maji ya chini hujizuia lenyewe na wanafunzi watadhani ekseli ni mbovu. Vijiko vya plastiki vilivyokatwa mpini vinafaa kuwa mabawa yake. Majengo yakae kwenye ngazi ya chini, mfereji wa kinu upite nyuma yao na kuishia chooni, ukingoni mwa meza, juu ya ndoo.

Chemchemi ya kunawia ipewe maji yake kwa mrija mwembamba kutoka kwenye chupa iliyowekwa juu zaidi ya bwawa la kwanza, pembeni kabisa. Tieni maji ya mfereji rangi, ya chupa yabaki meupe. Mgeni ataona mara moja kwamba hayachanganyiki.

Chini ya kila tuta lazeni kipande cha mrija wa kipenyo cha sentimita 1 chenye kizibo upande wa ndani. Kabla ya kuulaza, ukwaruzeni kwa msasa na muuvishe pete mbili za mfinyanzi mgumu, ili maji yasiufuate. Mtungi wa lita 20 unaolisha bwawa la juu ukitoa lita 3 kwa dakika utaisha baada ya dakika 6 na kidogo, kwa hiyo mwanafunzi mmoja awe na kazi ya kurudisha maji ya ndoo kwenye mtungi. Jazeni mabwawa siku moja kabla ya maonyesho na mkague nyuma ya matuta asubuhi yake, mkianzia pale mrija unapotokeza.